Skrini ya Mkuu wa Ofisi

Waraka ulitamka kwamba mfumo mpya wa kompyuta uitwao Linux ni mfumo huru, usio na bei, usio na mwenyewe na usio na upendeleo; kwamba utaenezwa katika ofisi zote za Idara ya Mizani na Vipimo bila kubagua iliyo kubwa wala iliyo ndogo; kwamba mfumo huo huvitambua vifaa wenyewe, hujisimika wenyewe na hujiendesha wenyewe; na kwamba kwa sababu hizo hautahitaji mtumishi hata mmoja. Aya ya mwisho iliwataka wakuu wa ofisi waupokee kwa moyo mkunjufu na wauweke mahali pakavu.

Watu waliusoma, wakatia saini kuonyesha kwamba wameusoma, wakarudi kwenye chai yao.

Aliyeubandika ukutani ni mtu aliyejulikana kwa jina la Kaimu. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, na mama yake alilipenda, lakini lilikuwa limelala ndani ya faili na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuliamsha. Aliingia ofisini hapo angali kijana mwenye kiuno chembamba, kukaimu nafasi ya mtunza stoo aliyekwenda likizo. Mtunza stoo akanogewa na likizo, hakurudi. Kaimu akakaimu stoo, kisha masijala, kisha usafirishaji mwaka ule ambao gari halikuwapo. Kuna kipindi alikaimu nafasi mbili zilizotakiwa kukaguana, akawa anajiandikia barua za onyo asubuhi na kujijibu kwa adabu mchana. Hakuna alichoharibu, na hakuna alipothibitishwa. Mvi zikamwingia kwenye masharubu akiwa bado anashikilia nafasi kwa muda.

Wenzake kazini waliliona hilo kuwa mzaha mzuri usiochuja. Nyumbani haukuchekesha sana. Mtu asiyethibitishwa hana pensheni. Siku ya kustaafu hupewa mkono, hupigwa picha, na mlinzi humfungulia geti. Mama mkwe wake, kila alipokuja kuwatembelea, alimuuliza kwa upole uleule usio na makali:

"Baba, bado hawajakuajiri?"

"Wameniajiri, mama. Ila kwa muda."

"Muda gani?"

"Ulianza kabla ya harusi, mama."

Bibi alitikisa kichwa, akamtazama binti yake kwa jicho la mtu aliyeonya mapema.

Vifaa vya mfumo mpya vilipoletwa, Kaimu ndiye aliyekuwa akikaimu stoo, kwa mara ya tatu. Hapo akafanya kosa ambalo kwa kanuni za stoo halikuwa kosa. Kila kifaa kilikuja ndani ya boksi lake, na kila kimoja kilikuwa na namba yake ya mali ya idara. Kanuni zilisema kifaa kimoja, mpokeaji mmoja, saini moja. Desturi ya ofisi nayo ilisema kwamba mali ikija, hakuna kitengo kitakachotoka mikono mitupu. Mara ya mwisho vilipoletwa viti, kitengo kilichokosa kiti kilinuna mpaka viti vyenyewe vikavunjika. Kaimu hakutaka yajirudie. Akagawa.

Skrini ilikwenda kwa Mkuu wa ofisi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kubwa na yenye kioo. Kasha la kompyuta lilikwenda kwa Mhasibu, kwa kuwa lilikuwa la chuma, zito, na lenye sura ya kitu kinachotunza pesa. Kibodi ilikwenda kwa mpiga chapa, mwanamke mwenye vidole vyepesi aliyeitwa Bi Chapa, kwa kuwa ilikuwa na herufi. Kipanya kilikwenda kwa Afisa Mipango, kwa kuwa ndicho kilichobaki. Diski na kijitabu cha maelekezo vilikaa stoo. Hakuna kitengo kilichoomba kitu cha kusoma.

Kila mtu alisaini na kila mtu aliridhika. Mkuu aliiweka skrini mezani ikiwatazama wageni, na wageni walipoondoka aliigeuza akajitengenezea tai. Mhasibu aliweka maua ya plastiki juu ya kasha. Bi Chapa alipiga kibodi kutwa nzima, akawaambia watu kwamba mashine za kisasa ni kimya na kwamba tangu aipate hajakosea hata herufi moja. Afisa Mipango alikwenda na kipanya chake mikutanoni, akakiweka mbele yake pembeni ya chupa ya maji. Ofisi ikaandika taarifa makao makuu kwamba kompyuta imepokelewa na inatumiwa na vitengo vyote, na katika taarifa hiyo hapakuwa na neno la uongo.

Kisha ikaja simu. Mwisho wa wiki angefika Mkaguzi kuuona mfumo ukijiendesha.

Mkuu alimwita Kaimu, akamwacha amesimama kwa muda unaostahili.

"Hii kompyuta inajiendesha?"

"Waraka unasema hivyo, Mkuu."

"Nimekuuliza wewe. Waraka nimeusoma."

"Haijiendeshi, Mkuu. Viungo vyake viko vyumba mbalimbali."

"Nani aliyevitawanya?"

"Kanuni, Mkuu."

Mkuu alikuwa mtu mwenye kifua kipana na sauti iliyozoea kupokelewa. Alijiegemeza kwenye kiti. "Sikiliza, bwana. Makao makuu wanapunguza makaimu. Mkaguzi akiikuta mashine inafanya kazi, nakuandikia pendekezo uthibitishwe, pensheni na kila kitu. Asipoikuta inafanya kazi, nitaambiwa nipunguze mtu. Na katika watu wote nilionao, wewe ndiye unayepungua kwa urahisi."

"Nimeelewa, Mkuu."

"Kuanzia sasa wewe ni Kaimu Afisa Mifumo."

"Waraka unasema mfumo hauhitaji mtumishi, Mkuu."

"Ndiyo maana unakaimu."

Kazi ikaanza asubuhi iliyofuata, na ikakwama asubuhi hiyohiyo. Mhasibu hakutaka kusikia habari ya kasha kutoka chumbani mwake.

"Ndugu yangu, hiki kitu nimekisainia. Kikitoka mlangoni bila mimi, kesho mimi nitatoka bila kazi."

"Nakihamisha chumba cha pili tu."

"Hata mwizi huanza na chumba cha pili."

Basi mfumo ukahamia kwa Mhasibu, nyuma ya nondo, kati ya sefu na kabati la vocha. Skrini ikaja ikiwa mikononi mwa Kaimu, na nyuma yake akaja Mkuu aliyeisainia, akisema polepole, polepole, hiyo ni ofisi yangu unayoibeba. Alivutiwa kiti. Kila alasiri skrini ilirudi kwa Mkuu ikafungiwa, na kila asubuhi ikaja tena na mwenyewe.

Kaimu alichomeka waya, akawasha. Kasha likanguruma, maua ya plastiki yakatetemeka, na kwenye kioo yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza. Yalisema kwamba kibodi haionekani, na kwamba ili kuendelea abonyeze kitufe cha F1.

Kaimu aliyasoma tena. Katika utumishi wake alikuwa amepokea maagizo mengi yasiyotekelezeka, lakini hakuna lililowahi kuja limeandikwa wazi kiasi hicho.

"Linasemaje?" Mkuu akauliza.

"Linamtaka Bi Chapa, Mkuu."

Bi Chapa alikuja ameikumbatia kibodi kama mtoto mwenye homa, akakaa, akajinyoosha mgongo. Kuguswa kwa kibodi na mtu mwingine hakukuzungumzika. Ikakubaliwa kwamba Kaimu asome kijitabu, Bi Chapa abonyeze. Utaratibu ulikuwa mzuri, ila Bi Chapa maisha yake yote alikuwa akipiga chapa yale anayosomewa, na alijivunia kutoacha kitu.

"Hapa bonyeza ndiyo," Kaimu akasema.

Tak, tak, tak, tak, tak. Kwenye skrini likasomeka neno "ndiyo". Mashine ikapiga kengele ya kukataa.

"Bi Chapa, ni herufi moja tu, ile Y."

"Umesema ndiyo. Mimi sifupishi maneno ya mtu."

"Basi bonyeza Y. Halafu bonyeza Enter."

Tak. Tak, tak, tak, tak, tak, tak, tak. Ikasomeka "y halafu".

Mhasibu alifunika mdomo kwa vocha. Mkuu akasema Bi Chapa aachwe afanye kazi, kwa kuwa ndiye pekee aliyeonekana kufanya kitu.

Walipofika mahali mfumo unapouliza diski kuu ikatwe vipande vingapi, ilibidi kifanyike kikao. Mkuu alitaka kipande kikubwa. Mhasibu alitaka kipande chenye kufuli. Bi Chapa alitaka cha karibu na mlango, asitembee sana. Mfumo nao ukasema unahitaji kipande chake wenyewe cha kupumulia, na Mhasibu akauliza kwa dhati ni kifungu gani kinauruhusu. Kaimu aliandika mgawo mmoja akawasomea mwingine, na hilo lilikuwa tendo la kwanza la busara katika mradi mzima.

Kipanya kilipohitajika, Afisa Mipango alikitoa mfuko wa ndani wa koti. Mfumo uliuliza kimechomekwa tundu gani na kina vitufe vingapi.

"Mimi nilisainia kipanya kimoja," akasema Afisa Mipango. "Vitufe havikuandikwa."

"Vihesabu tu, mzee."

"Nikihesabu nikakuta kimoja kimepungua, nani atawajibika?"

Kaimu akahesabu mwenyewe, akajaribu tundu moja, kipanya kikawa kama kimekufa. Akajaribu la pili, alama ikatembea kwenye kioo. Kwa muda mfupi watu walifurahi pamoja, bila kujali vitengo.

Na hapo ndipo walipofika kwenye skrini.

Mfumo ulisema kwamba sasa utawasha picha, na kabla ya kuwasha ungependa kujua skrini ni ya daraja gani. Ukatoa orodha ya madaraja, kuanzia ya kawaida kabisa hadi ya juu kabisa, na kila daraja limeandikiwa ni mara ngapi kwa sekunde kioo kinaweza kuchorwa upya. Chini yake paliandikwa onyo: ukidai daraja ambalo skrini hailiwezi, skrini inaweza kuungua. Karatasi ya skrini yenyewe, iliyotakiwa kutaja tarakimu zake, haikuwamo kwenye boksi.

Kaimu alifungua kijitabu, akakohoa. "Kinashauri, Mkuu, kwamba kama mtu hana hakika, achague daraja la chini kabisa."

"La chini la nini?"

"La skrini, Mkuu."

"Skrini ya nani?"

Bi Chapa akatazama kucha zake.

"Ya Mkuu, Mkuu."

Ieleweke kwamba hawa walikuwa watu wa vipimo. Mkuu mwenyewe aliwahi kulifunga duka la muuza sukari kwa mizani iliyopunja kijiko kimoja, na Afisa Mipango alikuwa akitembea na rula. Nchi nzima hapakuwa na chumba chenye watu wengi zaidi waliosomea ubaya wa kutaja tarakimu isiyo ya kweli. Lakini hili halikuwa suala la tarakimu. Kulikuwa na orodha ya madaraja, kulikuwa na kitu cha Mkuu wa ofisi, na kila mtu aliona mahali pake.

"Weka la juu," akasema Mkuu.

Bi Chapa akabonyeza. Skrini ikapiga mluzi mwembamba wa kukereketa meno. Kioo kikawa mistari iliyopinda, mistari ikalala ubavu, ikakimbizana, kisha giza. Mhasibu, bila kujua amefikaje, alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya sefu.

Kaimu akachomoa waya.

"Kasha bovu hilo," akasema Mkuu.

"Kasha halina tatizo, Mkuu," Mhasibu akajibu akiwa kulekule chini. "Linanguruma vizuri kama siku zote. Labda kibodi."

"Kibodi yangu haijawahi kukosea," akasema Bi Chapa. "Muulizeni mwenye kipanya."

"Kipanya kimetembea mbele ya mashahidi," akasema Afisa Mipango.

Siku zilizofuata zilikwenda hivyo. Asubuhi skrini ililetwa, ilipiga mluzi, ilizimwa, ikarudishwa. Kila mmoja alikitetea kifaa chake kama mzazi aliyeitwa shuleni. Siku moja Mkuu alilegeza msimamo na kuruhusu washuke daraja moja, akasisitiza kwamba hapo ni mwisho. Mluzi uliotoka ulikuwa mzito kidogo kuliko wa kwanza, na Mkuu aliuona kuwa maendeleo. Kaimu alikuwa akitazama orodha, akitazama lile daraja la mwisho kule chini, karibu kabisa na ukingo wa kioo, hakuna anayeligombea. Kidole cha Bi Chapa kingelifikia kwa mibofyo michache. Lakini Mkuu alikuwa amekaa pale, magoti mbele, akiilinda skrini yake isishushwe cheo.

Jioni ya kuamkia ukaguzi Kaimu alimkuta mkewe akimpigia pasi shati jeupe, lile la mazishi na mahojiano.

"Imewaka?" mkewe akauliza.

"Inapiga mluzi."

"Wa furaha?"

"Wa kufa, mama watoto." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua kiatu kimoja, akasahau cha pili. Akamweleza yote: orodha, madaraja, onyo, magoti ya Mkuu. "Nikimwambia iende daraja la chini, nimemtukana, na pendekezo langu analo yeye. Nisipomwambia, kesho Mkaguzi anakuta giza. Kotekote nimeisha."

Mkewe aligeuza shati, akapiga pasi kola. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Kwani hiyo skrini ikikaa daraja la chini siku mbili tatu itakufa? Wewe umekaa huko miaka yote na unakula unashiba."

"Mimi si mali ya Mkuu."

"Basi na yenyewe waambie inakaimu." Alisema hivyo kwa kejeli, na ilikuwa kejeli ya zamani iliyokwisha kutumika sana humo ndani. Alitegemea Kaimu anune kidogo kama kawaida, kisha waende wakale. Badala yake alimwona ametulia, kiatu mkononi, akiutazama ukuta kama mtu anayesomewa kitu kizuri.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini tena?"

"Hapana. Nimeshasikia."

Asubuhi, kabla Mkuu hajaketi vizuri kwenye chumba cha Mhasibu, Kaimu alisimama mbele yake katika shati lililonyooka.

"Mkuu, kuhusu skrini. Daraja lake halina ubishi, ni la juu."

"Nilisema tangu mwanzo."

"Ila karatasi zake hazijafika. Na bila karatasi, kuiweka daraja la juu ni kama kuithibitisha kabla ya taratibu kukamilika. Mkaguzi anaweza kuhoji."

Mkuu akafikiri. Neno taratibu lilimgusa mahali. "Kwa hiyo?"

"Naomba ikaimu lile la chini, Mkuu. Kwa muda. Cheo chake kinabaki palepale, haki zake zote zinabaki, inashikilia tu nafasi iliyo wazi mpaka karatasi zifike."

"Inakaimu."

"Inakaimu, Mkuu."

"Na hiyo haiwi kushushwa?"

"Kukaimu si kushushwa, Mkuu. Mimi mwenyewe hamjawahi kunishusha."

Hilo lilikuwa kweli kabisa. Mkuu aliitazama skrini kama mtu anayemsindikiza mwanawe stendi. "Iandikwe kwamba ni kwa muda," akasema.

Bi Chapa akabonyeza kwenda chini, chini, chini. Safari hii hapakuwa na mluzi. Kioo kikakohoa kidogo, kikawa kijivu chote, kijivu kilichofumwa kama gunia, na katikati pakasimama alama ndogo ya mistari miwili iliyopishana kama mkasi. Afisa Mipango akasogeza kipanya. Alama ikasogea.

"Ndiyo yenyewe?" Mkuu akauliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo yenyewe, Mkuu."

"Inafanya nini?"

"Imewaka, Mkuu."

Wote walikubaliana kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa. Ila kijivu kitupu kisingependeza kwa mgeni, basi Kaimu akapekua kijitabu akapata programu mbili za kuanzia. Moja ilichora saa ya mishale. Nyingine ilichora macho mawili makubwa, na popote kipanya kilipokwenda macho yalikifuata. Mkuu aliyapenda macho. Alisema yanaonyesha usimamizi.

Mkaguzi alifika akiwa na mkoba na mafua. Alikuwa mtu mfupi, mchovu, mwenye sura ya kupewa viti vibaya katika ofisi nyingi. Alikuta kila kitu kimepangwa: skrini inang'aa, Bi Chapa mikono juu ya mapaja, Afisa Mipango mikono kwapani, Mhasibu mikono juu ya sefu. Kaimu alikuwa ameagizwa asimame karibu na mlango, mfano wa mtu aliyekuja kuulizia njia.

Mkaguzi akafungua waraka, akausoma kwa sauti kama kanuni inavyotaka, akipenga kamasi kila mwisho wa aya. Alipofika kwenye "hujiendesha wenyewe" aliinua macho.

"Nani anausimamia?"

"Hakuna," akasema Mkuu. "Unajiendesha. Kama ilivyoagizwa."

Mkaguzi akavuta kiti akakaa mbele ya skrini. Kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kugusa, hakuna aliyegusa. Saa ikasogea. Macho mawili yakakitazama kipanya kilicholala. Mkaguzi akaandika kitu, akapenga kamasi, akaandika kingine. Kila mtu alikuwa anakaribia kupumua, ndipo skrini ikawa nyeusi.

"Na sasa?" akasema Mkaguzi.

"Unapumzika," akasema Mkuu, na jasho likamchomoza juu ya mdomo.

"Utaamka saa ngapi?"

"Ukiwa tayari."

Wakasubiri. Kaimu, pale mlangoni, alijua kilichotokea, kwa kuwa kijitabu kilikisema: mashine isiyoguswa hufunga kioo, na ukiigusa hukifungua. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Lakini kidole hicho kingekuwa cha mtumishi, na Mkuu alikuwa ametoka kusema mbele ya mgeni wa makao makuu kwamba mtumishi hayupo. Akienda, amemfanya Mkuu mwongo, na pendekezo linakufa. Asipoenda, kioo kinabaki giza, Mkaguzi anaandika giza, na kuna mtu atapunguzwa. Alisimama akipiga hesabu hiyo mbele na nyuma, na kila mara jibu lilikuwa geti na mlinzi.

Miguu ilichoka kusubiri hesabu. Kaimu alijikuta amevuka chumba, ameinama, amekisukuma kipanya.

"Nimekisainia hicho," akanong'ona Afisa Mipango, kwa mazoea tu.

Kioo kikafunguka. Macho mawili makubwa yakamgeukia aliyekuja.

Mkaguzi naye akamgeukia. "Huyu ni nani?"

Mkuu alitazama waraka ulioko mkononi mwa mgeni. Haukumsaidia. Alimtazama Kaimu, akaitazama skrini yake, hai, inang'aa, haiungui, na kitu fulani kikalegea katika kifua kile kipana.

"Huyu ni Kaimu," akasema.

"Kaimu wa nini?"

"Wa... kwa kweli, bwana Mkaguzi, wa vyote."

Mkaguzi aliinuka. Wote walidhani anaondoka. Alikwenda mlangoni, akaufunga, akarudi kukaa, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

"Ya Katibu Mkuu kule kwetu inapiga mluzi," akasema. "Tangu ilipofika. Tumebadilisha nyaya, tumebadilisha chumba, tumembadilisha mpaka mtu wa umeme. Hii yenu haipigi. Mmefanyaje?"

Kaimu akamtazama Mkuu. Mkuu akaitazama dari, na hiyo ikawa ruhusa.

"Mheshimiwa, ya Katibu Mkuu iko daraja gani?"

"La juu. Ulitaka tuiweke wapi?"

"Yetu inakaimu la chini, mheshimiwa. Kwa muda."

Mkaguzi alilipima neno hilo kama watu wa idara yake walivyofundishwa kupima, upande huu na upande ule.

"Atauliza itathibitishwa lini."

"Mwambie mchakato unaendelea, mheshimiwa."

"Na mchakato ukichukua muda?"

"Huwa unachukua," akasema Kaimu.

Mkaguzi akachomoa kalamu, akauliza jina. Kaimu akalitaja, lile la mama yake, na Bi Chapa akageuka kuona ni nani mwingine ameingia.

Wiki iliyofuata gari la makao makuu lilikuja kumchukua. Alikwenda, akaikaimisha skrini ya Katibu Mkuu daraja la chini kwa maneno yaleyale, akarudi. Baadaye alikwenda ofisi nyingine, kisha nyingine, kwa kuwa kila mahali vifaa vilikuwa vimegawiwa kwa haki na kila mahali skrini ilikuwa kwa mkubwa. Barua ya kumthibitisha ilipofika, na pensheni ikiwa imehesabiwa kuanzia siku ile ya kiuno chembamba, mkewe aliisoma amesimama, akaikunja, akasema chakula kinapoa. Mama mkwe alitaka aonyeshwe mhuri. Alionyeshwa.

Mlangoni kwake wamebandika kibao chenye jina lake la kuzaliwa, na watu hupita wakimuulizia Kaimu. Kitengo cha Mifumo sasa kina watumishi wanne, na dereva.